Vidole juu ya Nyota

Mwaka ule dada yangu aliposema ndiyo kwa kijana wa kijiji cha Nyantende, kila mtu nyumbani alijichagulia hofu yake. Mama aliogopa kwamba viti havitatosha. Shangazi, dada ya marehemu papa, baba yetu, aliogopa kwamba mtu mwingine angepika vizuri kuliko yeye. Hofu yangu mimi ilikuwa fupi: siku ya mahari ningepaswa kusimama mbele ya watu na kusema.

Katika ukoo wetu kuna desturi ambayo sijui ni nani aliyeianzisha, ila najua hakuwa mtu mwenye haya. Wakwe wakifika, wazee husalimiana, hunywa kidogo, huulizana habari za barabara. Binti wakati huo amefichwa ndani ya nyumba. Kabla hajatolewa, ndugu yake wa tumbo moja husimama na kuwauliza wageni wanatafuta nini. Wakisema wanatafuta binti, yeye hujifanya haelewi. Huwaambia binti huyo hayupo, ameingia utawa, au amefuata dhahabu kwenye migodi ya Luhwindja. Anawachokoza hivyo mpaka msemaji wao apate maneno matamu ya kumlainisha. Ndugu akikaa kimya, watu wanarudi nyumbani wakisema binti yule alitolewa kama gunia la makaa. Na mtoto wa kiume katika nyumba yetu ni mimi peke yangu.

Mimi ni mtu ambaye katika sala za mtaani, wakitafuta wa kusoma somo, huinama kufunga kamba za viatu. Siku nyingine huwa nimevaa kandambili, na bado huinama.

Nilimweleza dada kwamba kuna kuzeni yetu, mtoto wa shangazi, ambaye anauza viatu katika soko la Kadutu na sauti yake inafika mpaka ng'ambo ya bonde. Alikuwa amekwisha kujitolea. Nilimwambia hayo tukiwa tunachambua maharage uani.

"Ni weye utasema, petit," akajibu; petit, mdogo, ndivyo wanavyoniita nyumbani.

"Kuzeni anajua kusema kunishinda."

"Kuzeni anajua kuita wateja. Miye si kiatu."

"Atachekesha watu."

"Sitaki wacheke tu. Nataka wajue niko na ndugu." Akaokota jiwe katika maharage, akalitupa, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Papa angekuwepo, singekusumbua."

Baada ya neno hilo sikuweza kukataa. Lakini kukubali pia sikuweza. Niliendelea kuchambua maharage mpaka shangazi akauliza kama tunayapika au tunayafundisha kusoma.

Sasa ni lazima niseme habari za mpangaji wetu, kwa sababu bila yeye mambo yasingegeuka. Katika vyumba viwili vya nyuma ya parcelle, kiwanja chetu, alikaa mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari, mtu mwembamba, mpole, ambaye sote tulimwita Prof. Kaka yake anayeishi Ubelgiji alikuwa amemtumia darubini ndani ya sanduku. Vioo vilifika vizima, miguu ikafika vipande vipande. Mimi nafanya kazi katika atelier ya useremala, basi akaniomba nimtengenezee mingine. Niliitengeneza kwa mbao ya libuyu, minene, yenye kukaza. Prof alishukuru sana, ingawa alisema kwamba sasa anahitaji watu wawili kuihamisha, na kwamba darubini yake imekuwa kitanda cha askofu.

Chombo chenyewe kilikuwa bomba jeupe, fupi, nene. Alikifunika daima kwa kitenge cha marehemu mama yake, kwa sababu mara ya kwanza alipokibeba wazi njiani, watu wa mtaa waliingiza watoto ndani wakidhani ni mzinga. Mdomo wa bomba ulitazama juu, na mahali pa kuweka jicho palikuwa ubavuni, karibu na mdomo huohuo. Kila mtu aliyekuja kutazama alikwenda kwanza kuinama kule nyuma, ambako hakuna kitu. Prof aliwaacha wainame kidogo kabla ya kuwaonyesha. Hiyo ilikuwa starehe yake.

Jioni tulipojaribu miguu, alinielekezea nyota moja akaniambia nitazame. Nilikuwa nategemea kuona kitu cha ukubwa wa sahani. Niliona punje. Punje inayong'aa sana, kali kama ncha ya sindano juani, lakini punje.

"Prof, imeharibika njiani?" nikauliza.

"Haijaharibika. Nyota iko mbali." Akanyoosha kidole kuelekea taa za upande wa Rwanda, ng'ambo ya ziwa. "Ile taa naweza kukuletea karibu mpaka uone kioo chake. Nyota, naweza kukuongezea mwangaza wake tu. Sura yake ni ndogo mno kwa macho yetu. Ukikuza mara mia kitu ambacho ni kama hakuna, bado ni kama hakuna."

Nilikwenda kulala nimehuzunika kidogo, kama mtu aliyeitwa kwenye karamu akapewa maji. Lakini niliamini, kwa kuwa nilikuwa nimeona, na Prof alikuwa amenionyesha kioo kidogo kilicho katikati ya mdomo wa bomba na gurudumu linalokaza mwangaza au kuutawanya.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa tumekaa uani tukila bugali na ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Kuzeni alikuwepo, kama anavyokuwepo daima wakati wa ndakala. Akatoa simu yake akatuonyesha video iliyokuwa inazunguka katika vikundi vya simu. Mtu fulani alikuwa ameelekeza kamera yake kwa nyota na kuivuta karibu, na nyota ilionekana kama duara kubwa, la rangi za maji ya sabuni, likichezacheza. Sauti ya yule mtu ilisema kwamba wasomi wanatuficha.

"Munaona?" kuzeni akasema. "Nyota njo hii. Iko muviringo kama embe. Na Prof iko na mashine ya mamilioni pale nyuma, anatuambia ni vumbi la taa tu."

Sijui nini kilinisukuma. Labda ni ile miguu ya libuyu. Mtu akitukana darubini ile nilisikia kama ametukana mbao zangu.

"Nyota ni nukta," nikasema. "Huyo hakukaza kamera yake vizuri."

Shangazi akaweka tonge chini.

"Nani amesema?" akauliza, akitazama huku na huku. "Nimesikia sauti ya mwanaume, na mtoto wangu alikuwa anatafuna."

"Ni huyu," kuzeni akasema. "Amesema. Tumuandike mu kalenda ya parokia."

Walicheka mpaka nikatamani kuinama nifunge viatu. Lakini kuzeni ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akiona mtu amefungua mdomo hamwachi aufunge bila kununua. Alipendekeza tushindane. Prof atoe darubini jioni, tutazame nyota. Ikionekana duara, mimi nitasema siku ya mahari, wala sitatafuta pa kujificha. Ikionekana nukta, yeye kuzeni atasema, na dada hatanung'unika.

Moyo wangu ulipanda kama mtu anayepanda ngazi za Kadutu bila mzigo. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguka mbele yangu, na nilijua ulikuwa wazi kweli.

"Nakubali," nikasema.

Dada alinitazama. Hakuwa mjinga; aliona furaha yangu na akajua maana yake. "Na miye nakubali," akasema polepole. "Lakini ni miye nitakuwa shahidi. Jicho langu njo litasema."

"Na mimi hakimu," shangazi akasema. "Huyo ni tumbo langu, huyu ni damu ya kaka yangu. Nitawaonea wote sawasawa."

Prof alipoulizwa, aliondoa miwani yake, akaifuta, akakataa kusema lolote. "Mutaangalia wenyewe," akasema. "Mimi ninabeba bomba tu."

Jioni hiyo, giza lilipokuwa linaingia, courant, umeme, ilikuwa imekatika katika mtaa wote, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyelalamika. Kiangazi kilikuwa kimefika katikati. Mbingu ilikuwa kavu. Tulibeba darubini mpaka uani, mimi na kuzeni tukishika miguu, yeye akiniuliza njiani kama hii mbao ilikatwa au ilizikwa. Watoto wa majirani walipanda juu ya ukuta wakajipanga kama kuku.

Kuzeni alidai kuchagua mwenyewe. Akachagua ile inayong'aa kuliko zote. Prof akaelekeza bomba. Kuzeni akaenda kwanza kuinama nyuma, Prof akamwacha, watoto wakacheka, kisha akaletwa ubavuni. Akatazama. Akanyanyuka taratibu kama mtu aliyepokea cheti.

"Petit," akaniambia, "anza kupiga pasi suruali."

Nilitazama na kweli ilikuwa duara. Ndogo, lakini duara, yenye ukingo, na kando yake nukta nne zimejipanga kama vifaranga.

"Hiyo si nyota," Prof akasema.

"Prof, sasa unabadilisha sheria mu mechi?"

"Ni Jupita, na zile nne ni miezi yake. Ni sayari, ndugu ya dunia yetu. Inazunguka jua kama sisi. Haina moto wake, inarudisha mwangaza wa jua."

Shangazi akataka kuelewa kabla ya kuamua, maana alikuwa amechukua kazi yake kwa uzito. "Donc, hii iko jirani?"

"Ndiyo, mama. Ni jirani. Nyota ni watu wa mbali."

"Jirani kila mtu anaona uso wake," shangazi akasema. "Haihesabiwi. Leta mgeni."

Prof akageuza bomba kidogo tu, kwa nyota nyekundu iliyokuwa karibu na pale, akairekebisha, kisha akarudi nyuma na kukunja mikono. Nilitazama wa kwanza. Ilikuwa vile nilivyoijua: ncha moja, nyekundu kama kaa la sigara kwenye mlima wa pili, ikitetemeka. Nilipumua.

Kuzeni akatazama baada yangu, akanung'unika. Kisha mkono wake ukapata lile gurudumu dogo la kukaza, lililo chini ya mahali pa jicho. Ni mtu ambaye hawezi kuona kitu kinachozunguka bila kukizungusha. Akazungusha, akazungusha tena, na ghafla akapiga mluzi.

"Mama, kuja. Kuja kuona mgeni wako."

Shangazi aliinua kitenge chake, akainama, akafumba jicho moja kwa kidole kwa sababu hajui kulifumba peke yake. Alikaa pale muda mrefu.

"Iko muviringo," akasema. "Kubwa. Na katikati ina tundu. Iko kama ngata ya kubebea ndoo."

"Kama pneu, tairi ya pikipiki," kuzeni akasema.

"Ngata," shangazi akasema, na hilo likaingia katika hukumu.

Dada alikuja wa tatu. Aliinama, na hata gizani niliona bega lake likilegea, kama mtu aliyekuwa ameshika pumzi tangu Jumapili ya Matawi. Akanishika mkono bila kuondoa jicho.

"Petit, ni kweli. Iko muviringo. Nzuri sana." Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hata ng'ombe wa mahari kutoka Nyantende walikuwa bado hawajamletea. Haikuwa furaha ya nyota. Ilikuwa ni kwamba mimi nitasimama.

Nilimtazama Prof. Prof alikuwa anatazama ziwa kama mtu anayengoja mtumbwi. Nilielewa kwamba hatanisaidia. Shangazi alikuwa amefungua mdomo wa hukumu. Ili nisiseme siku ya mahari, ilinipasa niseme sasa, mbele ya watu hawa wote. Kama kuna malaika anayesimamia watu wenye haya, siku ile alikuwa anacheka.

"Lile tundu si la nyota," nikasema.

"Ni la nani?" kuzeni akauliza. "La kwako?"

"Ni la darubini. Mu mdomo wa bomba mna kioo kidogo, kiko katikati. Munaona kivuli chake." Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka na yalikuwa yanaita mengine. "Na ule muviringo ni mdomo wa bomba. Si sura ya nyota. Ukilegeza, mwangaza unatawanyika, unachukua umbo la mlango uliopitia."

"Maneno," kuzeni akasema.

"Basi weka mkono mbele ya mdomo wa bomba. Yaya," nikamwambia dada, "weye baki pale pale. Usiguse gurudumu."

Kuzeni akasogea mbele, akanyoosha kiganja chake juu ya mdomo wa bomba, bila kuufunika wote. Dada alikuwa ameinama. Kisha akasema "Eh," ndogo sana.

"Unaona nini?" shangazi akauliza.

Dada alikawia. Mimi najua kwa nini alikawia, na kuzeni alijua, na nafikiri hata watoto ukutani walijua. Alikuwa shahidi peke yake. Kile alichokiona hakuna mwingine aliyeweza kukiona wakati huo. Angeweza kusema haoni kitu.

"Ninaona vidole," akasema.

"Vidole vya nani?"

"Vya mtoto wako, shangazi. Viko juu ya nyota. Vyeusi."

Shangazi hakutosheka. Akamfunga dada macho kwa maneno tu, akimwambia asigeuze kichwa, akamwambia kuzeni abadilishe idadi ya vidole kimya kimya. Kuzeni akaweka viwili. "Viwili," dada akasema. Akaweka kimoja. "Kimoja, na kimepinda. Ni kile ulivunja kwa mpira." Akaondoa mkono. "Sasa vimetoka."

Uani pote pakaanza minong'ono. Mtoto mmoja ukutani akauliza kama vidole vya kuzeni vimefika kule juu kweli, na mwenzake akamjibu kwamba ndiyo sababu haviko mfukoni mwake wakati wa kulipa.

"Bon," kuzeni akasema, akijifuta mkono kama umeungua. "Tuseme lile kubwa ni uongo. Nani alisema kwamba lile dogo njo la kweli? Labda yote ni uongo."

Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo ninamheshimu kwa swali hilo. Nilishika bomba nikaligeuza chini, kuelekea taa za ng'ambo ya ziwa, bila kugusa gurudumu, nikamwambia atazame. Akacheka mwenyewe kabla sijamuuliza.

"Rwanda yote imekuwa mapneu," akasema.

"Yaya, sasa zungusha gurudumu. Polepole. Useme unachoona."

Dada akazungusha. "Zinapungua. Zinapungua... Sasa ni taa. Ninaona na nguzo yake. Kuna mtu anapita chini yake." Akakaa akimtazama mtu huyo wa nchi nyingine akienda zake nyumbani.

"Hapo njo mahali pa kweli," nikasema. "Pale taa inakuwa taa. Uache gurudumu hapo, turudi kwa nyota."

Tukarudi. Nilihangaika kuitafuta, kwa sababu miguu yangu ya libuyu hukaza vizuri lakini haikubali haraka. Nilipoipata nikamwachia nafasi. Aliinama, na nilimsikia akihema.

"Ni nukta," dada akasema. "Nyekundu. Ndogo sana." Akanyanyuka. "Ni nukta, shangazi. Sitasema uongo juu ya nyota."

Kuzeni alijaribu mlango wa mwisho. Akamgeukia Prof, akamuuliza kama huko Ulaya, kwa mashine kubwa kushinda hii, nyota haionekani duara. Hapo Prof akaacha kutazama ziwa. Alisema kwamba swali hilo lina jibu la haki: zipo darubini kubwa kama nyumba za ghorofa, na nyingine zimeunganishwa kadhaa zikatazama kama jicho moja, na hizo zimeweza kuonyesha sura ya nyota chache, zile kubwa mno au zilizo karibu kuliko nyingine. Hii nyekundu ni mojawapo. Lakini hata huko, alisema, wanachokipata ni kama doa la duara lenye ukungu, na wanalifurahia kama mtu aliyepata mtoto. Nyota nyingine zote, tena ni nyingi kuliko mchanga wa mto wetu wa Ruzizi, zimebaki nukta kwa kila mtu, tajiri na maskini.

"Kwa hiyo siku moja nitakuwa na haki," kuzeni akasema.

"Siku moja, kwa nyota chache," Prof akajibu. "Leo, kwa bomba hili, hapana."

Shangazi akatoa hukumu akiwa amesimama, mikono kiunoni. Alisema kwamba ile ngata ilikuwa nzuri, lakini nyota inayoonyesha vidole vya mtoto wake si nyota, ni kioo cha kunyolea. Kuzeni amepoteza. Kuzeni atasema siku ya mahari. Kesi imekwisha, na bugali ya jana ipo kwa anayetaka.

Nilikuwa nimeshinda. Watoto walishuka ukutani wakinipigia makofi. Prof alinishika bega, akaniambia nimeeleza kushinda wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, halafu akaongeza kwamba wanafunzi hao hawasikilizi, kwa hiyo nisijivune sana. Dada alikwenda jikoni kupasha bugali. Hakusema neno la kulaumu. Alinipa sahani yangu kwanza, kabla ya shangazi, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na ndakala kubwa zilikuwa upande wangu.

Zile ndakala zilinishinda kumeza.

Kuzeni ni mtu wa ahadi. Tangu kesho yake alianza kujizoeza. Alikuja uani kila baada ya soko, akasimama mbele ya pipa la maji kana kwamba ni wakwe, akaanza: "Wageni wetu watukufu. Munatafuta binti? Huyu binti ni original. Hana kushonwa, hana gundi. Ukivaa mvua ikunyeshee, haachani." Akanigeukia. "Iko muzuri?"

"Iko muzuri," nikasema.

"Nitaongeza kwamba tunarudisha ndani ya siku saba kama anabana."

Ndani ya nyumba nilisikia kitu kikianguka jikoni, kifuniko cha sufuria nadhani. Dada hakutoka. Shangazi ndiye aliyetoka, akamtazama mtoto wake, akanitazama mimi, akamwambia Mungu kitu kwa Kishi, lugha ya kwetu, akarudi ndani.

Niliteseka na jambo hilo muda ambao sikuuhesabu. Kazini nilipiga randa ubao mmoja mpaka bosi akaniuliza kama ninatengeneza mlango au karatasi. Kila nilipofikiria kusimama mbele ya watu, mikono ilitoa jasho. Lakini kila nilipofikiria hivyo, nilikumbuka pia yule aliyekuwa ameinama gizani, ambaye angeweza kusema haoni kitu, akasema anaona vidole. Yeye alikuwa amelipa kwa ajili ya nukta ile. Mimi nilikuwa nimepewa ndakala.

Siku iliyotangulia mahari nilimfuata kuzeni sokoni. Alikuwa amemshika mama mmoja mguu, anamshawishi kwamba kiatu kinachobana leo kitapanuka kesho.

"Nipe lile neno," nikamwambia kuzeni, mama yule alipokwenda.

"Neno gani?"

"La kesho. Nitasema miye."

Aliweka kiatu chini. "Weye ulishinda."

"Najua."

"Mtu anashinda, halafu anakuja kuomba adhabu. Prof amekutia nini mu jicho?"

"Kuzeni, nipe."

Alinitazama vizuri, na nilifikiri atacheka, lakini alikung'uta tu vumbi la kiatu kilichokuwa hakina vumbi. "Chukua. Lakini nitasimama nyuma yako. Ukikwama, nitakohoa, watu watafikiri ni heshima." Kisha akasema kwamba kama nitahitaji yale maneno ya gundi, nisione haya, ananipa bure.

Wageni wa Nyantende walifika mchana, wamevaa makoti, vumbi limewapanda mpaka magotini. Turubai lilifungwa kutoka ukuta mpaka kwenye paa la Prof. Viti vilitosha, kwa kuwa nusu ya watoto walikaa juu ya meza yangu ya useremala. Wazee wakasalimiana, wakanywa, wakaulizana habari za barabara, ambayo kila mtu alikubali kwamba ni mbaya. Dada alikuwa ndani ya chumba cha mbele, pazia la dirisha limeshushwa. Shangazi akanipa ishara kwa kidevu.

Nikasimama. Nilitazama viatu vya wageni, kimoja kimoja, na vingi vilikuwa vimenunuliwa kwa kuzeni.

"Munatafuta nini kwetu," nikasema.

Msemaji wao, mzee mfupi mwenye kofia ya manyoya, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Samahani, kijana. Ni weye unasema, au ni mbuzi amepita nyuma ya nyumba?"

Watu wao wakacheka. Nyuma yangu kuzeni akakohoa mara moja, kwa heshima kubwa. Nilitazama lile pazia. Nilijua dada amesimama nyuma yake, karibu kabisa, maana lilikuwa linavutika kidogo ndani na kurudi nje.

"Nimeuliza," nikasema, na sauti safari hii ilifika mpaka turubai linapoishia, "munatafuta nini kwetu. Kama ni mbuzi, amepita, munaweza kumfuata."

Upande wetu wakapiga kelele. Mzee akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Alisema wana ng'ombe wao mmoja aliyepotea, na nyayo zimeishia katika ua huu. Nilimwambia nyayo hizo ni za mwalimu wetu wa fizikia, anatembea hivyo. Alisema kijana wao hali wala halali tangu alipopita mtaa huu. Nilimwambia poleni sana, dispensari iko chini pale, wafike kabla haijafungwa. Alisema dawa yake haiuzwi dispensari. Nilimwuliza kama wamejaribu chumvi. Kila nililomjibu alilipokea kwa raha, akalirudisha limegeuzwa, na mimi nililiona linakuja kutoka mbali na nikawa na muda wa kulipokea. Jasho lilikuwa limekauka. Mama alikuwa ameweka kitambaa mdomoni. Nilianza kumweleza mzee kwamba hata kama binti angekuwepo, na hayupo, tungehitaji kwanza kujua kama huyo kijana anajua kuchambua maharage, na ninafikiri ningefika mpaka kwa babu yake, kama pazia lisingesogea.

"Petit, inatosha," ikatoka sauti ya dada, ya wazi kabisa, ikafika kwa kila mtu. "Munataka nizeekee humu ndani?"

Mzee wa Nyantende akageuza kichwa kuelekea dirishani, kisha akanigeukia taratibu, kofia ikiwa mkononi, akingoja.

"Hiyo ni redio," nikamwambia.